Mteja Anatazama, Hasomi: Namna ya Kupitisha Prufu Kabla Kazi Haijaingia Mashineni

Kadi za harusi zilikuwa 200, karatasi nzito ya gramu 300, maandishi ya dhahabu. Kaka wa bwana harusi nilimtumia prufu, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, kwa WhatsApp saa mbili usiku, na sijaiweka simu chini ameshajibu: "Iko poa sana bosi, piga kazi." Tukapiga kazi. Kesho yake jioni akarudi kwenye duka letu la uchapaji Ngamiani, Tanga, na nyuma yake mzee mmoja wa kanzu na koti, ametulia kabisa. Mzee akaweka kadi mezani, akaweka kidole juu ya mstari wa pili, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, mimi nimekufa lini?"

Mstari ulisomeka "Familia ya marehemu Mzee" kisha jina lake. Hilo "marehemu" lilikuwa la kadi ya watu wengine, ya wiki iliyotangulia. Nilibadilisha majina, neno nikalisahau pale pale.

Kosa ni langu, silikatai. Lakini kadi ile ilipita mbele ya watu wanne: mimi, kijana wa mashine, kaka mtu, na bwana harusi mwenyewe ambaye alitumiwa picha na kaka yake. Wote tuliangalia maua. Tulichapa upya usiku ule ule kwa gharama yetu, na tangu hapo nafanya kazi ya prufu kwa imani moja: mteja anatazama, hasomi, na ni juu yangu kumsomesha. Haya ndiyo ninayofanya.

Kwanza: maneno yaje yameandikwa

Usipokee maneno ya kadi kwa kupigiwa simu. Khadija wa nyumba hii ni Hadija wa nyumba ile, Mwanahamisi anaweza kuwa Mwanakhamisi, na yale majina ya Kisambaa yanayoanza na She- ukiteleza herufi moja umemhamishia mtu ukoo mwingine. Mpe mteja karatasi aandike kwa mkono wake, herufi kubwa, au atume ujumbe wa maandishi. Akituma sauti, iandike wewe, kisha umrudishie maandishi matupu, bila dizaini wala rangi, aseme kama ndivyo. Makosa mengi hukamatwa hapa, kwa sababu hakuna ua la kumpotezea mtu macho.

Akikubali, nakili na ubandike. Ukianza kuchapa upya herufi kwa herufi umefungua mlango wa makosa mapya ambayo mteja hakuyaleta. Na anza na ukurasa mtupu. Ukilazimika kutumia kadi ya zamani kwa sababu mpangilio wake umependwa, futa maneno yote kwanza, hata "na", hata "wa". Sababu nimeshaieleza.

Pili: mtafute mwenye kauli

Anayeleta kazi mara nyingi ni mhazini wa kamati, kwa kuwa hela anayo yeye. Mwenye kauli juu ya maneno ni mwingine kabisa: mama wa bi harusi, shangazi, mjomba mkubwa. Ukimpitishia mhazini peke yake, kazi itapita leo na itarudi keshokutwa.

Mimi huuliza hivi: "Nani akikasirika, kadi hizi zitarudishwa?" Mteja hucheka, halafu hutaja jina. Jina hilo naliandika kwenye fomu ya oda pamoja na namba yake ya simu, na prufu lazima ifike mikononi mwake. Akiwa Makorora au Chumbageni, kijana anapanda baiskeli anampelekea karatasi. Mji wetu ni tambarare, hakuna udhuru. Akiwa mbali, Lushoto au Dar es Salaam, anatumiwa faili, lakini anapigiwa simu tukiwa wote tumelifungua.

Na awe mmoja. Kamati nzima ikiwekewa prufu kwenye kundi la WhatsApp, utapata maoni kumi na saba, nusu yake yanapingana, na hakuna hata mmoja aliyesema "napitisha". Waambie wajadiliane huko huko, wakuletee mtu mmoja mwenye jibu moja.

Kwa shule, misikiti, makanisa na ofisi mambo ni mepesi zaidi: mwenye kauli ni yule anayeweza kuweka saini na muhuri. Asiyekuwa na muhuri ni mjumbe tu.

Tatu: prufu iandaliwe kama prufu

Kosa la dizaina wengi ni kutuma picha nzuri ya kazi, yenye kivuli na meza ya mbao nyuma yake, kadi imelala kando ya pete. Hiyo ni tangazo. Prufu ionyeshe karatasi ilivyo: ukubwa halisi, mistari ya kukatia, na ile ziada ya milimita 3 kila upande itakayokatwa. Mteja ambaye hajawahi kuchapisha kitu hajui kwamba jina lake likigusa ukingo litaliwa na kisu. Mwonyeshe mstari, mwambie, "Kilichopo nje ya hapa kinaondoka."

Kwenye kila prufu andika juu kabisa: jina la kazi, PRUFU NAMBA 1, tarehe, na HAIJAPITISHWA. Katikati pitisha neno SAMPULI kwa rangi hafifu, lisizuie kusoma. Neno hilo lina kazi mbili. Linamkumbusha mteja kwamba bado, na linamzuia yule ndugu yetu anayechukua dizaini kwako bure na kwenda kuichapisha barabara ya pili kwa bei ya chini. Wapo, na hujui ni nani mpaka akupite.

Faili liwe PDF. Ukituma kama picha ya kawaida, WhatsApp huibana, herufi ndogo zinafifia, na 3 inafanana na 8. Tuma kwa njia ya kutuma faili, si kwa njia ya picha. Na tuma dizaini moja, mbili zikizidi. Ukimpa tano atakwambia chukua juu ya ile, rangi ya hii, na maua ya ile nyingine, na siku imekwisha.

Kadi za Waislamu, ambazo kwetu ni nyingi, huanza na Bismillahi kwa herufi za Kiarabu, na hapa pana mtego unaowanasa hata mafundi wa siku nyingi. Kiarabu husomwa kutoka kulia na herufi zake hushikana. Faili likihama kutoka programu moja kwenda nyingine, au kompyuta ya pili ikikosa fonti ile, herufi huachana, zinasimama moja moja kama wanafunzi mstarini, na pengine maneno yanageuka nyuma mbele. Asiyejua Kiarabu haoni tofauti. Kwake yote ni mapambo. Kabla ya kutuma faili popote, geuza maandishi hayo yawe mchoro, ili yasitegemee fonti tena. Kisha mwite mtu aliyepita madrasa ayasome. Tanga hutatembea hatua kumi kumpata. Na prufu zilizoharibika zenye maneno hayo usizitupe jaani wala kufungia maandazi. Ziweke kando, zichomwe kwa heshima.

Nne: rangi, na damu ya mzee

Kila harusi ina sare, na kila sare ina rangi, na mteja anataka kadi ifanane na kitambaa. Atakwambia "damu ya mzee". Ndugu yangu, kila mtu ana damu ya mzee yake. Kuna inayokaribia nyekundu, kuna inayokaribia kahawia, kuna inayotaka kuwa zambarau. Usikubali jina la rangi. Omba kipande cha kitambaa, kiweke kwenye bahasha ya kazi.

Halafu mweleze jambo hili kabla hajaona karatasi, maana akilielezwa baadaye litaonekana kisingizio. Kioo cha simu kinatoa mwanga; kinachanganya nyekundu, kijani na bluu, na ndiyo maana rangi zinang'aa. Karatasi haina mwanga wake, ina wino: sian (samawati), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi. Zipo rangi ambazo simu inaweza na wino hauwezi. Bluu kali ya simu ikishuka kwenye karatasi huelekea zambarau. Kijani kinachong'aa hupoa. Rangi ya chungwa hupoteza moto wake. Tena simu ya huyu imepunguzwa mwanga kuokoa chaji, ya yule imewekwa ule umanjano wa usiku, kwa hiyo hata simu mbili hazikubaliani.

Kwa sababu hiyo prufu ya maneno naweza kuipitisha kwa simu, ya rangi kamwe. Chapa moja kwenye karatasi ile ile ya kazi, si karatasi ya kawaida ya gramu 80, kwa sababu karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino na rangi hufifia. Ikate kwa ukubwa wake. Toka na mteja nje ya duka, kwenye mwanga wa mchana, weka kitambaa juu ya kadi. Taa za dukani zinadanganya, zetu zina ubluu. Akiridhika, andika nyuma ya prufu vipimo vya wino ulivyotumia, ili akirudi kuongeza kadi 50 usianze kubahatisha.

Mabango ya turubai nayo yana lake: hayapatikani kwa ukubwa halisi kwa prufu. Kata kipande cha sentimita 30 chenye rangi kuu na sehemu ya sura ya mtu, kichape hicho. Sura za watu ndizo zinazolalamikiwa.

Tano: msomeshe

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ukimkabidhi mtu prufu na kumwambia "angalia kama iko sawa", ataangalia. Mpe kazi ya kufanya.

Tunakaa wawili. Mteja anashika yale maandishi aliyoyaleta mwanzo, mimi nashika prufu nasoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na nukta. Baadaye tunabadilishana: yeye anasoma prufu, mimi nafuata karatasi. Wengi huona haya kidogo mwanzoni, hasa watu wazima, basi mimi husingizia macho yangu: "Mama, nisaidie kusoma, miwani nimeacha nyumbani." Hakuna mama aliyewahi kunikatalia.

Majina yasomwe kwa silabi. Vyeo pia: Alhaji, Mchungaji, Dokta, na lile neno ambalo sasa nalitafuta kwenye kila kadi kabla ya lingine lolote. Uliza waziwazi, kwa adabu: "Wazee wote waliotajwa hapa wako hai?" Ni swali gumu kumwuliza mtu mwenye furaha. Uliza hivyo hivyo.

Namba za simu usizisome, zipige. Simu ya Tanzania ina tarakimu kumi ukianza na sifuri. Zihesabu, kisha piga ukiangalia prufu, si ukiangalia namba iliyohifadhiwa. Akipokea mwingine, umeokoa kamati kupigiwa simu za "thibitisha ushiriki" na mtu asiyemjua. Namba ya kupokea michango ifanyiwe jaribio la kutuma hela: ingiza namba, subiri jina la mwenye nayo litokee, kisha ghairi. Jina likiwa si la mhazini, simamisha kila kitu.

Siku na tarehe viulizwe kwa kalenda iliyoning'inia ukutani, si kwa kichwa. Jumamosi 14 Juni 2025 ni sawa. Jumamosi 15 Juni 2025 ni harusi mbili, nusu ya wageni watakuja siku moja na nusu siku ya pili, kwani tarehe hiyo ni Jumapili. Mteja akitaka tarehe ya Hijria, atoke nayo kwa shekhe wake. Mwezi huandama, na siku yenyewe huanza magharibi, hivyo usimkokotolee.

Saa ndiyo inayoua kimya kimya. Sisi tunasema saa mbili usiku, kompyuta inasema 8:00 PM, na dizaina aliyechoka anaandika 2:00 PM. Wageni wanafika saa nane mchana, ukumbi umefungwa, jua la Tanga liko utosini. Chagua mtindo mmoja kwa kadi nzima na uandike kwa maneno: saa 2:00 usiku. Nikah saa kumi alasiri na hafla saa mbili usiku viwe kwenye mistari miwili tofauti, kila kimoja na mahali pake.

Mwisho wa kusoma, pindua kadi. Nyuma pamesahauliwa na watu wengi. Na maneno "singo" na "dabo": zingapi za mtu mmoja, zingapi za wawili? Mteja hupitisha kadi moja akidhani jingine utalijua mwenyewe.

Vitabu vya risiti vina makosa yake machache yanayojirudia: TIN, yaani namba ya mlipa kodi (tarakimu tisa), namba ya kuanzia, idadi ya nakala na rangi ya kila nakala. Uliza kitabu kilichopita kiliishia wapi. Kalenda: weka alama kwenye sikukuu za Idd kwamba zinategemea mwandamo wa mwezi, mapema, maana hiyo simu utaipokea. Vijitabu vya mahafali vinavyobanwa pini katikati: kurasa ziwe zinagawanyika kwa nne, na prufu iwe imekunjwa kama kijitabu, isiwe karatasi zilizotawanyika, vinginevyo ukurasa wa shukrani utatokea kabla ya ratiba.

Sita: marekebisho yaje kwa pamoja

Mpe kalamu nyekundu. Arekebishe juu ya prufu yenyewe, yote, aweke saini ndogo. Marekebisho ya mdomo hayahesabiwi, na ya simu mbilimbili usiku wa manane yasubiri asubuhi. Mimi hutoa raundi mbili bure. Ya tatu ni shilingi 5,000, na nalisema siku ya oda wala si siku ya ugomvi. Tangu nianze kusema hivyo, watu husoma raundi ya kwanza. Hela yenyewe nimeipokea mara chache.

Kila rekebisho lizae namba mpya: prufu namba 2, namba 3. Faili lipewe namba ile ile. Ukiwa na "harusi mwisho", "harusi mwisho kabisa" na "harusi mwisho tumia hii", siku moja kijana atachukua lisilo lenyewe. Ya zamani hamishia folda nyingine. Na usisome mstari uliorekebishwa peke yake. Jina likirefuka, mstari unaofuata unasukumwa, na nimewahi kuona ukumbi mzima ukipotelea chini ya ua.

Saba: idhini

"Iko poa" si idhini. Dole gumba si idhini. Vyote ni adabu tu, namna ya mtu kukuambia nimeiona, sitaki kukuudhi. Idhini inataja prufu gani na inataja kazi gani. Dukani kwetu nyuma ya prufu pamepigwa muhuri wenye maneno haya:

"Mimi ________ nimesoma prufu namba ___ ya kazi hii, mbele na nyuma. Majina, tarehe, saa, mahali na namba za simu ni sahihi. Idadi ___, karatasi ___, ukubwa ___. Naruhusu ichapwe. Saini ____ Tarehe ____ Saa ____"

Aliye mbali namtumia maneno hayo hayo kwenye simu, ayarudishe ameyajaza kwa mkono wake. Akijibu "sawa", nasubiri. Nampigia: "Kaka, samahani, niandikie ile sentensi, mashine inaisubiri." Mzee asiyesoma anasomewa mbele ya mtu aliyemchagua mwenyewe, na yule aliyemsomea ndiye anayeweka saini.

Siku za kazi zihesabiwe kuanzia saa ya idhini, siyo siku ya oda. Andika hivyo kwenye risiti. Mteja aliyekaa na prufu siku sita atajua kwamba siku sita hizo ni zake.

Nane: baada ya saini

Funga faili. Likifunguliwa tena kwa sababu yoyote, idhini imekufa na prufu mpya inaanza. Kijana wa mashine apewe faili pamoja na karatasi yenye saini. Nakala ya kwanza ikitoka, ailaze juu ya prufu kwenye mwanga wa dirisha, zilingane, ndipo aendelee.

Mteja akipiga simu kusema kuna mjomba amesahauliwa, mwambie ukweli wa pale kazi ilipo. Kama haijaingia mashineni, ni prufu nyingine tu. Kazi kubwa za ofseti ambazo wengine wetu tunazipeleka Dar es Salaam ni habari nyingine: pleti, yale mabati yanayobeba maneno ya kuchapwa, zikishatengenezwa, rekebisho la herufi moja ni pleti mpya, na kifurushi kinarudi kwa basi zaidi ya kilomita 300. Mpe bei kabla ya kusema ndiyo.

Kosa likionekana kazi imeshatoka, chukua prufu yenye saini na kazi, viweke mezani pamoja, bila sauti ya juu. Kosa halimo kwenye prufu? Ni letu, tunachapa upya bila swali. Limo na amesaini? Ni lake, ingawa mimi humtoza karatasi na wino peke yake, sitozi ufundi. Mji ni mdogo, na harusi ijayo ya ukoo ule haiko mbali.

Prufu zote, karatasi ya maneno ya mwanzo na kipande cha kitambaa vikae kwenye bahasha moja kwa mwaka mzima, nje umeandika jina la kazi na tarehe. Mwaka mzima, kwa sababu mteja wa kalenda atarudi Novemba na kukwambia, "Nipigie zile zile za mwaka jana." Toa bahasha, mkaribishe kiti, na zile zile za mwaka jana zianze na prufu namba 1.